Yunis Alivyoikatia Bima Sauti Yake

Mpaka leo nikimaliza kufunga spika kwenye ukumbi wowote wa huku milimani, kabla mtu yeyote hajashika maiki, masikio yangu hutangulia kuisikia sauti ya Yunis. Najua haipo. Lakini niliizoea kwa miaka mingi mno, na mazoea hayaambiwi kitu.

Yunis ni mzaliwa wa Mlalo, binti wa familia ya Kilutheri, aliyeolewa Magamba na Danieli, mkulima wa karoti na kabichi, wakapata binti, Beatha. Mimi ni Alen, fundi wa muziki wa sherehe, mkazi wa Lushoto mjini. Spika ni zangu, jenereta ni yangu, na kwa miaka hiyo yote yeye ndiye aliyekuwa MC, nami nyuma yake nikizungusha vitufe. Hakuna harusi ya maana iliyofanyika kati ya Soni na Mtae bila watu kuuliza kwanza: "Yunis ana nafasi siku hiyo?"

Na kazi yenyewe hakuitafuta. Ilikuwa masika, kwenye harusi ya binamu yake huko Mlalo. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo kwenye barabara ya kutoka Mombo, na MC aliyekodiwa kutoka Tanga akabaki chini na suti yake. Matarumbeta ya kanisani yalikuwa yameshawaleta maharusi mpaka mlangoni. Kamati wanatazamana. Ndipo mama mmoja aliyekuwa anapakua pilau akajifuta mikono kwenye khanga, akanijia.

"Kaka, hiki kidude kinawashiwa wapi?"

Nikamwashia. Alianza kwa kuwaamkia wazee kwa Kishambaa, upande wa bwana harusi kwanza, kisha wa bibi harusi, akizitaja koo zao moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja. Wazee walikaa sawa kwenye viti. Halafu akahamia Kiswahili, na ukumbi mzima ukawa wake. Sauti yake haikuwa nyembamba wala nzito. Ilikuwa na joto fulani, kama ya mtu anayekuita uje ule chakula kikiwa bado cha moto. Hakuwahi kumtania mtu kwa umbo lake wala kwa umaskini wake, kama wanavyofanya baadhi ya ma-MC, na hata mjomba bahili kuliko wote aliinuka mwenyewe kutoa zawadi, akicheka.

Kesho yake nilimfuata Magamba nikamwambia tufanye kazi pamoja. Danieli, mumewe, alikuwepo, anapalilia. Danieli alikuwa mtu asiye na maneno. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwulize mwenyewe," akaendelea na jembe lake.

Ndivyo tulivyoanza.

Niseme sasa kuhusu bima, maana wengi wakisikia habari hii hudhani kuna mtu aliyemtabiria Yunis kwamba ataugua. Hakuna aliyemtabiria. Wazo lilitokana na yaliyompata baba yake.

Baba yake alikuwa mpasua mbao kule Shume. Yunis akiwa kidato cha pili, gogo lilimwangukia baba yake nyongani. Hakufa. Aliishi miaka mingi baadaye, anakaa kwenye benchi nje ya nyumba, anamenya maharage, anaamkiwa na wapita njia. Yunis alinisimulia habari hiyo siku moja tukiwa tunasubiri maharusi watoke kupiga picha Irente.

"Angekufa, Alen, watu wangekuja na unga na maharage. Wangechanga. Msiba una kamati. Harusi ina kamati, wewe na mimi tunakula kupitia hizo kamati. Lakini baba hakufa. Walikuja majuma mawili wakampa pole, kisha wakarudi mashambani kwao, na sikuwalaumu, nao walikuwa na watoto. Mtu aliye hai asiyeweza kufanya kazi hana kamati."

Aliacha shule mwaka huo. Shamba la chini, lile lililokuwa na maji, liliuzwa mwaka uliofuata.

Basi alikuwa na jambo hilo kichwani muda mrefu. Kikundi chao cha akina mama cha kuweka na kukopa kilikutana kila Jumatano nyumbani kwa Mwanaidi, rafiki yake mwenye kibanda cha vitenge sokoni Lushoto. Siku moja kijana wa bima akaalikwa. Nilikuwepo kwa bahati tu, nilikuwa nimekwenda kumrekebishia Mwanaidi redio.

"Mama zangu, hii ni bima ya ajali," yule kijana alisema. "Ukianguka, ukivunjika mkono, ukigongwa na pikipiki, unalipwa."

Yunis akanyoosha mkono. "Na nikipoteza sauti?"

"Kwa ajali?"

"Kwa kuugua. Nimeamka asubuhi, haipo."

Akina mama wakacheka. Kijana naye akacheka, ila akajibu kwa ukweli. "Hapo hapana, mama. Hii ni ya ajali peke yake."

Mwanaidi alijiunga siku ileile. Ada ilikuwa ndogo, naye alikuwa anashuka Korogwe kila wiki kufuata mizigo kwenye ile barabara yetu ya kona. Kwake ilikuwa sahihi. Yunis hakujiunga. Tukiwa njiani nikamwuliza sababu.

"Si mbaya," alisema. "Ila haikushonwa kwa kipimo changu. Mimi mguu ukivunjika, nasherehesha nimekaa."

Ilipita miezi mingi. Halafu mtu akatuelekeza kwa Salma, wakala wa kampuni nyingine, aliyekuwa na chumba kidogo cha ofisi ghorofani, karibu na stendi. Yunis alinitaka niende naye, kwa sababu mimi ndiye niliyejua kazi zetu zinavyoingia. Salma alikuwa dada wa kama miaka thelathini, mtandio umefungwa vizuri, meza safi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Shikamoo kaka."

Tulipokwisha kukaa, hakufungua makabrasha. Aliuliza, "Mama, kabla sijasema bei, niambie. Kazi yako inatumia nini mwilini mwako?"

Yunis akagusa koo. "Hiki hapa."

"Basi tuanzie hapo."

Nimewahi kukaa na watu wengi wa kuuza vitu. Huyu hakuuza. Alieleza kama mtu anayemwonyesha mgeni njia yenye utelezi, hapa kanyaga, hapa usikanyage. Alisema kuna mikataba ya kulinda kipato inayolipa ukishindwa kufanya kazi yoyote, na hiyo ni ya bei nafuu. "Lakini maana yake, mama, ukishindwa kusherehesha na bado unaweza kukaa kwenye duka la mtu ukauza sabuni, kampuni itakwambia unaweza kazi. Kuna mingine inataja kazi yako mwenyewe, ile tutakayoiandika hapa. Ninao huo. Ila nao una mpaka. Kwa miaka miwili ya kwanza ya kulipwa, wanaangalia kazi yako. Baada ya hapo wanakupima upya kwa kazi nyingine yoyote inayolingana na elimu yako na uzoefu wako. Nakwambia leo, usije ukanilaumu kesho."

"Nimesikia," Yunis alisema.

"Na ukiugua leo hulipwi kesho. Kuna muda wa kungoja. Mwezi mmoja, mitatu au sita, unachagua mwenyewe. Ukikubali kungoja zaidi, ada inashuka. Nyumbani mnaweza kukaa muda gani bila pesa yako?"

Yunis alifikiri. Nilimwona akihesabu kimoyomoyo, si pesa, bali mbuzi. "Mitatu tunaweza. Baba Beatha ana karoti, mimi nina mbuzi."

"Tena hawalipi kipato chako chote. Ni kama nusu na ushee."

"Kwa nini?"

"Wakilipa chote, mama, nani atatamani kupona?"

Tukacheka wote watatu. Malipo yetu mengi yalikuwa yanapita kwenye simu, kwa hiyo kuthibitisha kipato hakukuwa na shida. Kilichokuwa na shida ni swali moja lililokuwa kwenye fomu ya afya: umewahi kuugua moyo, kisukari, tezi la shingoni?

Yunis alipokuwa msichana aliwahi kuwa na rovu. Wakati ule lilikuwa jambo la kawaida huku milimani. Ukiangalia picha za zamani za familia nyingi utawaona bibi zetu na shingo zilizovimba, wamefunga leso. La Yunis lilikuwa dogo, likatibiwa, likaisha. Alibeba fomu ile mpaka kibandani kwa Mwanaidi tukanywe chai.

"Shingo yako ni kama ya msichana," Mwanaidi akamwambia, akimtazama pande zote mbili. "Nani atajua? Andika hapana."

"Nitajua mimi."

"Wewe unajua mengi ambayo hayaandikwi."

"Mwanaidi, nikija kudai nitakuwa mgonjwa. Mgonjwa hana nguvu za kulinda uongo." Akaandika ndiyo, na mwaka aliotibiwa, na jina la zahanati.

Kampuni ikampeleka kwa daktari wao, akapapaswa shingo, akatolewa damu. Jibu lilirudi kwamba wamemkubali, na ugonjwa wa tezi hautaondolewa kwenye mkataba, lakini ada itapanda. Ilipanda kweli. Jioni hiyo nilikuwa kwao Magamba, na ndiyo siku niliyomsikia Danieli akisema sentensi mbili mfululizo.

"Tunalipia kitu tusichokiona. Mwaka ukiisha bila kuugua, pesa haturudishiwi."

"Dawa ya wadudu unanunua kabla wadudu hawajaja," Yunis akamjibu. "Unaona nini?"

"Naona makopo."

Yunis alicheka mpaka akashika ukuta. Danieli naye akatabasamu, akaenda kufunga mbuzi. Mkataba ukasainiwa.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa uchungu mtamu. Nikifumba macho naiona gari ya kukodi imejaa spika, Yunis mbele na chupa yake ya maji ya uvuguvugu, mimi nyuma nimekumbatia mikisa, ile mashine yangu ya vitufe, kama mtoto mchanga. Desemba hatukulala. Tulikwenda Lukozi, tukarudi Soni, tukapanda Mlalo, na kila mahali walitufungia matunda, peasi na plamu, kwenye mifuko. Kwa Waislamu Yunis alijua kukaa upande wa akina mama na kusherehesha kwa adabu ya nyumba ile. Kwa Walutheri alijua ni saa ngapi ya kumpa mchungaji nafasi na saa ngapi ya kuichukua tena kwa upole.

Siku ya Mtae siwezi kuisahau. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia ukumbini kupitia madirishani, mzito, mpaka meza ya maharusi ikapotea kabisa. Watu walianza kunong'ona kwa hofu kwamba ni ishara mbaya. Yunis akasema kwenye maiki, taratibu, "Bwana harusi, mshike mkono uliyenaye, kisha mwulize jina. Tusije tukamrudisha nyumbani binti wa watu wengine." Kicheko kile nadhani kilisikika mpaka tambarare. Ukungu ulipoondoka, maharusi walikuwa bado wameshikana mikono.

Ada ililipwa kila mwezi. Miezi ya Kwaresima na masika ilikuwa migumu kwa sababu harusi hukatika. Mwaka mmoja Yunis aliona hataweza, akaamua moyoni kuiacha bima ife. Alipofungua simu amwandikie Salma, akakuta ujumbe kwamba malipo ya mwezi yameshapokelewa. Danieli alikuwa ameuza gunia la karoti njiani, akalipa, hakusema kitu. Alipoulizwa alijibu, "Si ulisema ni dawa ya wadudu?"

Kisha rovu likarudi. Safari hii halikuwa dogo. Alianza kufunga skafu, nikadhani ni urembo. Siku moja huko Soni, akiwaita wazazi wa pande zote mbili waje kulishwa keki, sauti ilimkatika katikati ya neno. Akakohoa, akaanza upya, ikakatika tena. Watu walidhani ni spika. Walinigeukia mimi. Nikajifanya ninakagua waya, nikapiga wimbo, na Yunis akanitazama kutoka mbele, mkono umeshika koo, kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake.

Vipimo vilionyesha kwamba uvimbe unabana njia ya hewa. Lazima upasuliwe. Daktari wa upasuaji alimweleza wazi, mbele ya Danieli, kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita hapohapo, na mara nyingine, hata mkono ukiwa mwangalifu kiasi gani, huwa unaumia. Yunis aliuliza kama kuna njia nyingine. Haikuwepo.

Nilikwenda kumwona wodini, siku chache baada ya upasuaji. Alikuwa amekaa, shingo imefungwa bandeji. Alipofungua mdomo, ilitoka pumzi tu, pumzi yenye umbo la maneno.

"Alen. Umekuja."

Nikamwambia atapona. Madaktari nao walisema huenda sauti ikarudi, tungoje miezi. Tukangoja. Simu za kazi ziliendelea kuingia, nami nikawa ninazipokea kwa niaba yake. "Mama amepumzika kidogo." Baadaye wakaacha kumwuliza yeye, wakawa wananiuliza mimi kama namjua MC mwingine. Mbuzi wawili waliuzwa, halafu wa tatu. Beatha, binti yao, alikuwa chuo cha uuguzi, na barua za ada haziangalii nani ameugua.

Muda wa kungoja ulipofika mwisho na sauti haijarudi, Salma alipanda Magamba kwa bodaboda, na mvua imemnyeshea. Alikuja na fomu za madai, akakusanya taarifa za daktari, akamsaidia Yunis kuandika. Siku ya pili ya mambo hayo tulikuwa wote sebuleni wakati simu ilipopigwa kutoka makao makuu Dar es Salaam. Danieli akaiweka kwenye spika.

Afisa alikuwa na adabu, ila ya haraka. "Naona hapa ni ugonjwa wa tezi. Mteja aliwahi kuwa nao kabla ya kujiunga?"

Salma akasogea. "Ndiyo, na aliutaja mwenyewe. Angalia ukurasa wa afya. Mkampima, mkapandisha ada kwa sababu hiyohiyo. Amekuwa akiilipa tangu siku hiyo."

Tukasikia karatasi zikifunuliwa. "Sawa. Nimeiona. Sasa, taarifa inasema anaweza kuongea?"

Danieli alinyanyua simu, akampelekea mkewe mdomoni.

"Naweza," Yunis akasema.

"Haloo? Mama, sikusikii. Naomba uongeze sauti."

Yunis alivuta pumzi, akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama. "Naweza. Lakini ndiyo hii."

"Mama, bado sikusikii, hebu…" Yule afisa akanyamaza. Nadhani ndipo alipoelewa. Sauti yake iliporudi ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Samahani sana, mama. Samahani."

Danieli akakata simu. Salma aligeukia dirisha, akijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Mimi nilitoka nje nikaangalia kabichi.

Malipo yalikubaliwa, yakaanza kuingia mwezi uliofuata. Hayakuwa pesa za kujengea ghorofa. Yalitosha kumbakiza Beatha chuoni, yalitosha sukari na sabuni na nauli ya kwenda Moshi kwa mtaalamu wa mazoezi ya sauti, na shamba halikuguswa. Nilimwona Yunis siku moja amesimama kwenye mpaka wa shamba lile, mikono nyuma, anatazama tu mistari ya karoti. Sikumwuliza anawaza nini. Nilimjua baba yake kwa masimulizi.

Ila pesa haikuwa sauti. Jumamosi moja ya Desemba, muziki ulipanda kutoka ukumbi wa bondeni, na MC mmoja kijana anapiga kelele za kuwahimiza watu wacheze. Yunis alikuwa anachambua mchele. Aliuweka ungo chini akaingia ndani, na Danieli akamfuata.

Hapo likatokea jambo ambalo majirani walilizungumza kuliko bima yenyewe. Danieli alianza kuongea. Nyumba ile ilikuwa na sauti moja tu miaka yote, na sauti hiyo ilipozimika, kimya kilikuwa kizito mno kwake. Basi akaanza kumsimulia mkewe habari za shamba. Mdudu gani ameingia, nani amepita njiani, lori gani limekwama. Mwanzo maneno yalitoka kwa shida, kama mtu anayejifunza baiskeli ukubwani. Baadaye hayakukatika. Nilifika siku moja nikamkuta anamweleza Yunis ugomvi wa majirani wawili kuhusu mfereji, akiigiza pande zote mbili, na Yunis kainama anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

Mazoezi yalisaidia kidogo. Ikatoka sauti ya chini, yenye mikwaruzo, ya kutosha chumba kimoja. Na watu wakaanza kumwendea tena, si kwa kusherehesha bali kwa kuuliza. Harusi ipangwe vipi, nani aketi wapi, wazee wa upande gani waamkiwe kwanza, chakula kitoke saa ngapi. Alipoanza kulipwa kwa ushauri huo, Salma alimwambia aijulishe kampuni. Akaijulisha, na fao lake likapunguzwa kwa kiasi hicho.

Miaka miwili ilipotimia wakampima upya, kama mkataba ulivyosema. Barua ikaja kwamba kwa elimu na uzoefu wake anaweza kufanya kazi nyingine, tena tayari anaifanya, na malipo yanakoma. Mwanaidi alikasirika kuliko mwenye bima.

"Wamekula ada zako zote hizo, halafu wanakutupa!"

"Hawakunitupa," Yunis akasema kwa ile sauti yake mpya. Ilibidi Mwanaidi anyamaze ili amsikie, jambo ambalo si rahisi. "Nilisaini nikijua. Ningepata mkataba wa kulipa mpaka uzeeni ningeuchukua, lakini ule sikuwa na uwezo nao. Huu umenivusha. Mimi sikumwachisha mtoto shule."

Wiki iliyofuata Mwanaidi alikwenda kwa Salma na mkataba wake wa ajali, akauliza akiongeza juu yake bima ya maradhi ya kampuni yao inakuwa kiasi gani.

Sasa Yunis ana kazi za kupanga sherehe karibu kila wiki ya msimu. Tunakwenda naye bado, mimi na spika zangu. Hakai mbele. Anakaa kwenye kiti kando yangu, na wakati wa kuingiza maharusi ananigusa kiwiko, nami nafungulia muziki. MC wa sasa ni kijana mzuri, anajitahidi. Nikimsikia anakosea kutaja ukoo, namtazama Yunis, naye anafumba macho kidogo tu. Wakati wa mapumziko atamwita pembeni amwelekeze, na yule kijana atainama mpaka sikio liguse bega lake ili amsikie.

Mimi bado naikumbuka ile nyingine. Sijawahi kumwambia. Nadhani hana haja ya kuambiwa.

Jumapili iliyopita nilipita Magamba baada ya ibada. Mwanaidi alikuwepo, na Beatha na mtoto wake. Tulikaa uani kwenye jua, tukila mahindi ya kuchoma, na Danieli alikuwa anawasimulia habari ya Mtae na ukungu, ingawa siku ile hakuwepo. Alikuwa anaikosea vibaya. Kila mara Yunis alimvuta shati, akamnong'oneza, na Danieli akainua kichwa akasema kwa nguvu, "Hapana, hapana, nimekosea, ilikuwa hivi," kisha akaendelea.